Mji Usio na Meya

Bariadi haina meya. Ukifika ofisi za Halmashauri ya Mji ukamwulizia mstahiki meya, utaelekezwa kwa mwenyekiti. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Namba 8 ya mwaka 1982, imelipa jiji meya, ikaipa manispaa meya, na mji ulio chini ya hizo ikaupa mwenyekiti. Kwa mwanasheria hilo ni suala la ngazi. Kwetu sisi tunaochunga lugha ni mlango, nami nakukaribisha tuuingie pamoja, maana ndani yake yamo maneno mengi ya kujengea mji ambayo tumeyapokea bila kuyapima uzito.

Tuanze na meya mwenyewe. Tumempata kwa Waingereza, nao walimpata kwa Wafaransa, nao kwa Kilatini, ambako maior ni "mkubwa zaidi". Basi meya ni mkuu, na wakuu tunao tayari, wa mkoa na wa wilaya. Wasukuma, ambao Bariadi imo katika nchi yao, nao wanalo neno lao la ukubwa: ntale. Kiongozi wa vijana kijijini aliitwa nsumba ntale, kijana mkubwa, na ndiye aliyewaongoza wenzake katika kazi za pamoja. Lugha tatu zimeuangalia uongozi zikaona ukubwa. Ila Kisukuma hakikuishia kusema "mkubwa". Kimesema pia mkubwa wa kina nani. Nsumba ntale hawezi kuwapo bila basumba, vijana wenyewe.

Mwenyekiti ni mwenye na kiti. Umiliki wake ni wa muda: kiti ni cha halmashauri, anayekikalia huja na kwenda. Nalipenda neno hili kuliko meya, kwa kuwa linataja samani na kumwacha mtu. Kasoro yake ni kwamba linatuonyesha kiongozi aliyeketi.

Kabla ya viti hivi, nchi ya Ntuzu, ambayo Bariadi imo ndani yake, ilikuwa na mtemi. Wako wanaosema jina limetokana na kutema msitu, kufyeka pori ili watu wapate pa kuishi. Wengine wanasema ni kutema mashauri, kukata kesi. Sioni haja ya kuchagua. Yote mawili ni kukata, na yote mawili ndiyo kazi ya kuanzisha mji: kupata nafasi, kisha kupata amani katika nafasi hiyo. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini ule ukataji haukuondoka katika lugha. Leo Bariadi imegawanywa katika kata: Somanda, Malambo, Nyakabindi na nyinginezo. Kata ni kipande kilichokatwa. Neno limegeuka kutoka kwa mkataji kwenda kwa kilichokatwa.

Na kila kata ina diwani. Hapa lugha yetu imetupa zawadi ambayo wengi hawajaifungua. Diwani ni neno lililosafiri kutoka Uajemi na Uarabuni likiwa na maana ya daftari, baraza na mkusanyo wa mashairi. Katika pwani ya Mrima lilikuwa cheo cha watawala wa miji. Sisi tumezihifadhi maana mbili: diwani wa kata na diwani ya mashairi. Mmoja hukusanya kero za watu, nyingine hukusanya tungo. Sijui lugha nyingi zinazomweka mjumbe wa baraza kwenye rafu moja na malenga.

Sasa mji. Neno hili lina maana ya pili ambayo wakunga hawajaisahau: mji wa mimba, mahali mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa. Wala si ajabu, maana mji wa nyumba na mji wa mimba yote ni makao. Shika maana hiyo, tutaihitaji hivi punde. Nenda hatua moja zaidi, kwa mwenyeji. Litenganishe utapata mwenye mji. Mwenyeji si mkazi tu. Mkazi anakaa, mwenyeji anamiliki, na kwa sababu anamiliki ndiye anayempokea mgeni. Mabango ya miradi yamejaa wakazi, walengwa, wanufaika na wadau. Mdau ana undugu na dau, kile anachokiweka mchezaji mezani, kwa hiyo mdau ni mtu aliyeweka chake akitarajia kupata. Mnufaika na mlengwa wao hawakuweka kitu; wanasubiri kupewa. Wenyeji ni neno pana kuliko hayo yote, na ni letu. Ningefurahi kuliona katika bajeti za halmashauri mahali pa wanufaika.

Tufike penye kazi yenyewe. Miji ya Ulaya na Marekani ilipofungiwa viwanda na bandari zake, wapangaji walitafuta neno la kuirudishia uhai, wakachukua la Kilatini lenye maana ya kuzaa tena. Manchester, iliyokua kwa viwanda vya pamba, ni mfano wa miji hiyo. Neno likapanda ndege, likashuka kwetu pamoja na wataalamu, na tangu hapo tunahangaika kulitafsiri. Lakini Bariadi haikuwahi kuwa Manchester. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka huohuo na wenye makao makuu Bariadi, na watu 1,584,157. Ya mwaka 2022 ikakuta 2,140,497. Zaidi ya nusu milioni wameongezeka katika miaka 10. Huo ni mji wa mimba hasa, na unazaa. Ni nani atakayeuzaa tena?

Ndiyo maana kufufua kunanikera. Hufufuliwa aliyekufa. Anayetangaza kwamba anaufufua mji ameanza kwa kuuzika, na waliokuwa wakiishi ndani yake, wakiuza nyanya na kusomesha watoto, amewahesabu pamoja na maiti.

Kuhuisha ni laini zaidi, limetoka kwenye uhai. Lakini uhuishaji umeshapata kazi kwa watengeneza katuni, na maofisini watu wanahuisha taarifa kila asubuhi. Ukisema uhuishaji wa Bariadi, kijana wa leo atauliza filamu inatoka lini.

Kuboresha ni neno la kila kitu. Tunaboresha barabara, huduma, mazingira na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Bora ni neno la kulinganisha, lakini anayeboresha mara nyingi hasemi bora kuliko nini, wala bora kwa nani. Liachwe lipumzike.

Wapangaji wetu rasmi wanasema uendelezaji upya. Ukilisoma taratibu utaona limebeba vitu viwili vinavyovutana. Kuendeleza kumezaliwa na kwenda: kuchukua kilichopo na kukisogeza. Upya ni kuanza. Anayeendeleza upya amepewa kazi ya kusonga mbele na kurudi mwanzo kwa wakati mmoja, na kwa bahati mbaya tinga linapofika mtaani huwa limeelewa nusu ya pili tu.

Kisha lipo pamba. Mkoa huu ndio unaoongoza kwa pamba nchini, na neno pamba limetufikia kutoka Uajemi. Kitenzi kupamba ni kingine kabisa, cha Kibantu, na yamekutana kwa sauti tu. Ila mkutano huo una onyo ndani yake. Taa za barabarani, vigae vya rangi, mnara kwenye mzunguko wa magari: hayo ni kupamba. Mji wa pamba unahitaji mengine mengi kabla ya kupambwa.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba neno lingetoka kwenye kuchipua. Linapendeza: shina la zamani, tawi jipya. Mkulima wa pamba atakukatiza hapo. Kwake kinachochipua kwenye shina la mwaka jana ni maotea, nayo hubeba wadudu na magonjwa ya msimu uliopita. Kanuni za kilimo cha pamba zinamtaka ang'oe na kuchoma masalia yote kabla ya msimu mpya. Neno linalompendeza mkulima wa migomba ni tishio kwa mkulima wa pamba wa Dutwa, wilayani Bariadi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba istilahi ya mji lazima iulizwe kwanza kwa watu wa mahali.

Palizi nayo nimeipima. Kupalilia ni kutunza kilicho hai, kwa jembe na kwa mikono, na hiyo ni sifa kubwa. Lakini palizi inadai ujue gugu ni lipi. Mwishoni mwa mwaka 2021, miji yetu ilipoamriwa kuwapanga wamachinga, wachuuzi wa mitaani, kitenzi kilichotumika kilikuwa kupanga, na nadhani kilichaguliwa kwa busara, kwani kupanga ni kumwekea mtu mahali pake. Tukileta palizi mjini, wa kwanza kuogopa jembe atakuwa mama wa genge.

Basi lipo neno ambalo wakulima wanalo na mipango miji hawajaliazima: kurudishia. Mbegu zikishaota, mkulima hurudi shambani akiwa na mbegu mkononi, akitembea mstari kwa mstari. Palipoota hapagusi. Penye pengo anafukua na kupanda tena. Hiyo ndiyo kurudishia. Humo mna ule urejeo ambao Kilatini kiliutaka, bila kifo, bila tinga na bila rangi ya kupamba. Ndani yake pia imo maana yetu ya kila siku: konda hukurudishia chenji, yaani hukupa kilicho chako. Mtaa uliopimwa viwanja ukasahauliwa barabara, soko lililojengwa likanyimwa mfereji: hayo ni mapengo kwenye mstari, na pia ni chenji ya wenyeji.

Napendekeza marudishio ya mji. Anayeyafanya ni mrudishiaji. Litamke mara tatu, halitakukwama kooni.

Mji uliorudishiwa hudai kazi kwa watu wake. Hapo hatutakaa sana, kwani maneno ni mengi na yanajieleza. Ajira ni ujira, malipo ya mkono kwa mkono kati ya tajiri na mtumishi. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa, na hadi leo anayekosa kazi husema kibarua kimeota nyasi, kana kwamba kikaratasi kilidondoka shambani. Machinga wana asili mbili zinazogombaniwa, moja ya kijiji cha Mchinga kule Lindi na nyingine ya kijana mwenye kutembea, na zote zina miguu.

Kujiajiri ndilo linalonisumbua. Mtu hawezi kujilipa ujira. Mama lishe wa stendi halipwi na nafsi yake, analipwa na dereva aliyekula ugali. Kwa kusema amejiajiri tunamfuta yule dereva, tunaifuta stendi, na tunamwachia mama mzigo wote wa kufanikiwa au kushindwa. Mjasiriamali, lililoundwa kwa kuunga jasiri na mali, ni heshima zaidi, nami nawapongeza waliolitunga. Neno la kubuni, lililotembea hadi vijijini! Lakini kwa hesabu za halmashauri ningerudi kwenye kazi, neno la Kibantu lisilouliza nani anamlipa nani. Wasukuma wanasema nimo, wingi wake milimo, na sikio la Mswahili linasikia humo kulima. Tuseme mji umepata kazi mpya kadhaa, tuziite kazi, na ajira tuiachie barua ya mwajiri.

Nikupe na neno moja ambalo Simiyu yenyewe imelivaa: kiwanda. Anthony Mtaka, alipokuwa Mkuu wa Mkoa kuanzia mwaka 2016 hadi 2021, alisimamia wito wa Wilaya Moja Bidhaa Moja, ambao asili yake ni jimbo la Oita nchini Japani, ambako Gavana Morihiko Hiramatsu alianza na kijiji kimoja, bidhaa moja mwaka 1979. Maswa ikatoa chaki, Meatu maziwa. Wapo waliouliza: chaki nayo ni kiwanda? Lugha ingewajibu ndiyo. Kiwanda cha asili hakikuwa na bomba la moshi. Kilikuwa mahali fundi anapofanyia kazi yake, na undugu wake na kiwanja na uwanda unasikika. Nyakabindi, palipofanyika maonesho ya wakulima ya Nane Nane kitaifa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2018, ni kiwanja. Fundi akipata pa kusimama hapo, ni kiwanda. Kwa pamba yenyewe tuna kitenzi kizuri kuliko vyote: kuchambua. Kiwanda huchambua pamba, kikitenga nyuzi na mbegu, na mhakiki huchambua shairi. Huzuni yangu ni kwamba uchambuzi wetu huishia hapo. Sehemu kubwa ya marobota husafirishwa nje, na kusokota na kufuma tunawaachia wengine, hata vitenzi hivyo vinaanza kuchakaa vinywani mwetu.

Limebaki lile zito. Kiingereza kina neno kwa mtu au mji unaopigwa na ukame, njaa au mafuriko na kisha ukasimama tena, na picha yake ya Kilatini ni ya kuruka kurudi. Tumelitafsiri ustahimilivu, wengine uhimilivu. Mradi mkubwa wa maji wa Simiyu, ulioidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kwa ushirikiano na benki ya Ujerumani ya KfW, ili kuyatoa maji Ziwa Victoria hadi Busega, Bariadi na wilaya jirani, umebeba neno hilo katika jina lake: kuhimili mabadiliko ya tabianchi.

Mzizi wa himili na stahimili ni wa Kiarabu, na maana yake ni kubeba. Kutoka hapohapo tumepata hamali, mchukuzi wa mizigo bandarini, na himila, mimba. Tazama basi picha iliyo ndani. Mstahimilivu ni hamali. Amebebeshwa, na sifa anayopewa ni kwamba hajaanguka. Hakuna ndani ya neno hilo kuutua mzigo, wala kujiandaa kabla haujaja, wala kuuliza nani ameufunga. Na tazama jirani yake: mstahiki, yule wa mstahiki meya, lina mzizi wa haki. Mstahiki anadai chake; mstahimilivu anabeba cha wengine. Siridhiki na mji ambao cheo cha kwanza ni cha mtu mmoja na sifa ya pili ni ya watu wote waliobaki.

Tungeweza kusema akiba, na methali inatuambia haiozi. Tungeweza kusema lambo, lile bwawa dogo la kunyweshea mifugo, ambalo wingi wake unasikika katika jina la Kata ya Malambo. Yote ni mazuri. Lakini Usukuma una neno kubwa zaidi, nalo ni ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua inapoanza. Mifugo haiingii, nyasi zinarefuka, miti inarudi. Kiangazi kinapofika na sehemu nyingine zote zimekauka, linafunguliwa. Familia huwa na yake, kijiji huwa na ya wote. Misitu ya eneo hili ilifyekwa zamani kwa vita dhidi ya mbung'o, kisha kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 kukawatenga wengi na ngitili zao, hata Shinyanga, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu, ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambayo badala ya kuleta miche tu iliwaambia watu warudishe ngitili. Ilipoanza, zilikuwa zimebaki hekta zipatazo 600. Hadi mradi unakwisha mwaka 2004 zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Neno lilirudi pamoja na miti.

Ona tofauti. Ustahimilivu hukusifu baada ya pigo. Ngitili inafungwa kabla ya kiangazi. Ustahimilivu uko katika mtu na misuli yake. Ngitili iko katika ardhi na makubaliano, yaani kanuni ya wote kwamba hapa hatuingii hadi siku ile. Na ngitili hufungwa ili ifunguliwe, jambo ambalo kitenzi chetu cha bajeti, kutenga, hakilisemi, kwani kinachotengwa chaweza pia kutengwa moja kwa moja.

Halmashauri zetu, Bariadi ikiwamo, zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tunaiita mikopo ya asilimia 10, jina la kihasibu lisilo na nyasi wala mvua. Hiyo ni ngitili ya mji. Bwawa linalochimbwa kabla ya ukame ni ngitili. Ghala la mtama la kata ni ngitili. Na jamii yenye hayo yote tusiiite jamii stahimilivu. Tuiite jamii yenye ngitili.

Utaniambia neno la kabila moja haliwezi kubeba nchi nzima. Kumbuka sungusungu: lilikuwa jina la mdudu mweusi anayeuma. Katika miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walilivisha ulinzi wa vijiji vyao, na leo linaeleweka Tanzania nzima bila tafsiri. Gulio limo kwenye kamusi, na ndani yake kimo kugula, kununua, kitenzi ambacho Kiswahili sanifu kilikiacha na Kisukuma kikakitunza. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967 kupokea maneno ya namna hii, ila huyapokea vizuri zaidi yakifika yakiwa yameshatumika.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwako, mlinzi mwenzangu. Ukialikwa kwenye kikao cha bajeti, iwe Bariadi, Korogwe au Kisumu, na ukamsikia diwani akisimama na kuuliza ngitili ya mji iko wapi, usimsahihishe. Mwandikie neno hilo kwenye kumbukumbu za kikao, lilivyo.